Shajara ya Land Rover 109: kuusaka moto wa plagi

Gari ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, na kadi yake inasoma 1978. Injini ni ya petroli, silinda nne, cc 2,286. Kabureta ni Zenith, distributa, yaani kile kinachogawa umeme kwa plagi, ni Lucas 45D4 yenye kontakti (swichi ndogo ya kukata na kuunganisha umeme) na kondensa, na hakuna kifaa chochote cha kielektroniki kwenye mfumo wake wa moto. Kabla halijafika kwangu lilitumika miaka mingi kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Watu wengi wa huku huing'oa injini hii ya petroli na kuweka dizeli ya Kijapani. Sababu zao nazielewa, maana petroli ni ghali na injini hii inakunywa. Ila hii yangu ni nzima, haili oili, na nimeamua gari litembee na injini lililozaliwa nayo.

Nilikuwa nimeshapanga wiki hii iwe ya kuziba matobo ya sakafu. Mabati yatasubiri.

Ijumaa jioni

Tulikuwa tunarudi Tanga kutoka Muheza, tumeshapita Pongwe, injini ikazima. Ilizima kwa mkato mmoja, kana kwamba kuna mtu amegeuza ufunguo. Hiyo peke yake ni taarifa. Gari linaloishiwa petroli, au lenye uchafu kwenye jeti, huanza kwa kukohoa: linavuta, linasita, linavuta tena, ndipo linalala. Gari lililokatika umeme wa plagi haliagi. Nilipokuwa bado nalisogeza pembeni ya lami mawazo yangu yalikuwa yameshahamia kwenye moto.

Lori la jirani likatuvuta hadi nyumbani. Kabla giza halijakolea nikaangalia mambo ya mwanzo tu. Nikapampu kwa mkono ile leva ndogo ya pampu ya mafuta. Kikombe cha kioo kikajaa petroli safi isiyo na maji. Stata inazungusha injini kwa nguvu ileile ya siku zote. Plagi ya silinda ya kwanza nilipoifungua ilitoka imelowa. Kwa hiyo mafuta yanafika, ila hayaungui.

Nikairudisha plagi kwenye waya wake, mwili wake wa chuma nikaufunga kwa waya mtupu kwenye injini ili ushike bodi sawasawa (bodi ni chuma cha gari, ambacho umeme hurudia betri), kisha mpwa wangu akapanda kwenye usukani. "Mjomba, nipige?" Piga. Hakuna kitu. Tukazima taa ya banda ili hata cheche dhaifu ionekane, akapiga tena. Giza.

Nawasihi wanaofuatilia shajara hii wazingatie jambo moja hapa. Tundu la plagi likiwa wazi, injini inatema mvuke wa petroli kila inapozunguka. Plagi ya majaribio ikae mbali na tundu hilo, na pasiwe na mkono wa mtu juu yake. Umeme unaotoka kwenye koili, kile kikopo kinachokuza umeme wa betri, hufika volti 15,000 na kuendelea.

Nilipokuwa nafunga boneti niligusa koili, nikakuta ina joto, ingawa injini ilikuwa imelala saa nzima na swichi tuliiwasha wakati wa majaribio tu. Huenda kontakti zimesimama zikiwa zimefungana, huenda kuna kingine. Naliandika hapa ili kesho nianze nalo.

Jumamosi asubuhi

Mpwa wangu anasoma ufundi umeme VETA, na alifika akiwa na pendekezo lililokamilika: tununue koili, kondensa, kontakti, rota na kifuniko cha distributa, tubadilishe vyote kwa mkupuo. "Tutakuwa tumemaliza kabla ya saa sita, Mjomba."

Nilimkatalia, na sababu yangu haikuwa pesa. Ukibadilisha vitu vitano na gari likawaka, hujui kipi kilikuwa kibovu, kwa hiyo hujui kitarudi lini. Ukibadilisha vitano na gari lisiwake, sasa una maswali mapya matano, kwa sababu spea mpya za magari haya ya zamani nazo zina yake. Nilitaka tuufuate umeme kutoka betri hadi plagi, mguu kwa mguu, mpaka tufike mahali unapopotelea.

Tukaanza kwa kuuelewa mfumo wenyewe. Ni wa zamani kuliko Land Rover. Charles Kettering wa Marekani ndiye aliyeutengeneza, ukaingia kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1910. Ndani ya koili mna waya mnene uliozungushwa mara chache na waya mwembamba mno uliozungushwa mara maelfu, yote juu ya kiini kimoja cha chuma. Umeme wa betri unapita kwenye waya mnene, unateremka kwenye kontakti zilizo ndani ya distributa, unaishia bodini. Kontakti zikifungana, umeme unapita na koili inajaa sumaku. Kamu ya distributa, ile shafti yenye kona nne, inapozitenganisha, umeme unakatika ghafla, sumaku inaporomoka, na mporomoko huo ndio unaozalisha maelfu ya volti kwenye waya mwembamba. Volti hizo zinakwenda kwenye kifuniko cha distributa, na rota inayozunguka chini yake inazigawia plagi kwa zamu. Aliyewahi kufunga bomba la maji kwa ghafla akasikia mabomba yanagonga ukutani ameshaikuta nguvu ya namna hii. Kondensa, kidude cha takriban mikrofaradi 0.2, kazi yake ni kuumeza umeme unaotaka kuruka kati ya kontakti zinapoachana, ili mkato uwe mkali na kontakti zisiungue. Injini hii ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, haya yote yanatokea mara 100 kila sekunde.

Basi kuna upande wa volti 12 na kuna upande wa volti kubwa, na jambo la kwanza ni kujua ugonjwa uko upande upi. Nikachomoa waya mnene wa nje, ule unaoleta volti kubwa kutoka koili hadi katikati ya kifuniko cha distributa, nikaubana mbali kidogo na injini, nafasi ya kama milimita 6. Kifuniko tukakiweka pembeni. Mpwa wangu akazungusha injini kwa hendeli hadi kontakti zikafungana, tukawasha swichi, nikazitenganisha kontakti kwa kijiti kikavu cha mbao. Kila zinapoachana, pale penye nafasi pangepaswa kuruka cheche. Haikuruka. Kwa hiyo rota, kifuniko, nyaya za plagi na plagi zenyewe zikae kando kwanza. Koili haitoi chochote cha kuwagawia.

Kisha mita. Betri volti 12.5. Swichi ikiwa imewashwa, mguu wa koili ulioandikwa SW unasoma 12.1. Kwenye koili za miaka ya karibuni miguu huandikwa + na −. Yangu ni ya zamani, ina SW kwa upande wa swichi na CB kwa upande wa kontakti. Kusoma 12.1 pale maana yake swichi ni nzima na waya mweupe unaotoka kwenye swichi ni mzima. Na hapa niwashukuru waliochora rangi za nyaya za magari haya. Kahawia ni umeme wa betri usiozimwa, mweupe ni umeme wa swichi usiopita kwenye fyuzi, kijani ni wa swichi uliopita kwenye fyuzi, mweusi ni bodi, na mweupe wenye mstari mweusi ndio unaotoka koili kwenda distributa. Pale ambapo mafundi waliopita hawajachanganya rangi, unaweza kulisoma gari hili bila mchoro. Kwenye taa za nyuma za hili gari kuna mtu alitumia waya mwekundu kwa kila kitu, na nitalazimika kuja kuzivua zote.

Mguu wa CB ndio ulioleta habari. Kontakti zikiwa zimefunguka, CB inapaswa kusoma karibu volti 12, kwa sababu umeme umefika pale na hauna pa kwenda. Zikiwa zimefungana, inapaswa kusoma karibu na sifuri. Nikaweka testa yenye balbu kati ya CB na bodi, mpwa wangu akazungusha hendeli polepole, akaendelea kuzungusha, na balbu haikuwaka hata mara moja. Iwe kontakti zimefunguka au zimefungana, ni sifuri.

Nikamwuliza mwanafunzi wa VETA: kwa hali hiyo, ni nini kinawezekana? Akafikiri, akasema, "Ama waya wa ndani ya koili umekatika, umeme haufiki CB kabisa. Ama unafika, lakini CB imelala bodini muda wote." Ndivyo. Na joto la koili la jana linaelekeza kwenye la pili, maana koili iliyokatika haipitishi umeme na haipati joto. Koili ya aina hii ina takriban omu 3, kwa hiyo ikilala bodini inapitisha ampea 4 bila kupumzika.

Kuthibitisha ni rahisi. Nikafungua waya mweupe wenye mstari mweusi kutoka kwenye CB, nikauacha unaning'inia. Balbu ikawaka pale pale. Nikachukua kipande cha waya, nikagusisha CB na bodi kwa sekunde moja, nikakiondoa kwa haraka. Tak! Cheche ikaruka kutoka kwenye waya mnene hadi kwenye injini. Mpwa wangu alishangilia hadi watoto wa jirani wakaja kuchungulia.

Koili ni nzima. Ile tuliyokuwa tukainunue asubuhi haihitajiki. Ugonjwa uko kati ya CB na kontakti, eneo lenye urefu usiozidi mkono wa mtu.

Jumamosi alasiri

Ndani ya distributa kuna vitu vitatu vinavyoweza kuilaza CB bodini wakati wote. Kondensa iliyoungua ndani. Kontakti ambazo hazifunguki, au ambazo springi yake imegusa kitako kinachozibeba. Na waya wenyewe unaoingia distributa.

Tukavitenga kimoja kimoja. Nikaweka kipande cha kadi ngumu kati ya kontakti ili zisigusane kwa vyovyote. Mita, ikiwa kwenye omu, kati ya waya na mwili wa distributa: 0.3. Bado inagusa. Nikafungua skrubu ya kondensa, nikaiinua ili mwili wake usishike distributa. Mwili wa kondensa ndio mguu wake wa bodi, kwa hiyo ukiuinua umeshaitoa kwenye hesabu. Mita: 0.3. Kondensa haina hatia. Nikaikagua springi ya kontakti kwa tochi. Plastiki yake ya kuzuia umeme ipo, haijapasuka.

Ukabaki waya. Nikausukuma kwa kijiti pale unapopita kwenye bushi ya mpira kuingia ndani ya distributa, na namba za mita zikaanza kucheza: 0.3, haisomi, 0.3, haisomi. Nikaivuta bushi nje. Ngozi ya waya ilikuwa imekauka, imekuwa kama ganda, na sehemu ya upande wa chini imeliwa kabisa. Shaba ilikuwa inalalia ukingo wa distributa.

Nataka nilieleze vizuri eneo hili kwa sababu nimeona mafundi wengi wakilipita. Kile kitako kinachobeba kontakti hakijatulia. Kuna kidude cha pembeni chenye utando wa mpira, kinachovutwa na hewa ya kabureta. Ukipunguza mafuta kinavuta, ukikanyaga kinaachia, na kitako kinageuka kidogo kwenda na kurudi ili moto uwahi au uchelewe kulingana na mzigo wa injini. Waya huu mfupi unainama pamoja nacho kila mguu wa dereva unapocheza, mwaka baada ya mwaka, kwenye joto na mvuke wa oili. Ndiyo maana kiwandani waliweka waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba. Kuna siku utakuta fundi ameuondoa, akaweka waya wa umeme wa nyumba wenye uti mmoja. Gari litawaka na mteja ataondoka ameridhika, lakini uti mmoja haupendi kuinamishwa. Utakatika, na utakatika ndani ya ngozi yake mahali ambapo jicho halioni.

Nilitafuta waya wenye nyuzi nyingi na ngozi ya silikoni inayohimili joto, nikaulehemu kwa risasi kwenye kichwa chake cha zamani, nikaupitisha kwenye bushi mpya ya mpira, nikaacha ulegevu wa kutosha ili kitako kigeuke bila kuuvuta. Kisha nikakinyonya kile kidude cha vakyumu kwa mdomo kupitia kipira chake, huku mpwa wangu anaangalia mita, ili tuhakikishe kitako kinaposogea hakuna kinachogusa. Haikusoma chochote, mwanzo hadi mwisho.

Jumapili

Kwa kuwa distributa ilikuwa wazi, nikazitoa kontakti. Upande mmoja umeota kinundu, upande wa pili una shimo linalolingana nacho. Si mbaya kwa kontakti zilizotumika, lakini ukipima nafasi kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia) juu ya kinundu utapata namba ya uongo. Nilizisawazisha kwa tupa ndogo laini. Msasa sipendi kuutumia hapo. Chembe zake hubaki kwenye uso wa kontakti na kuanza kuzuia umeme. Nikazifuta kwa petroli, kisha nikavuta karatasi safi katikati yake mpaka ikatoka nyeupe. Nafasi kwa injini hii ni milimita 0.35 hadi 0.40, nami nimeweka 0.38. Mafuta mazito kiasi cha kichwa cha kiberiti kwenye kamu, basi. Ukizidisha, yatarukia kontakti.

Testa ikarudi kwenye CB, hendeli ikazungushwa: inawaka, inazima, inawaka, inazima. Waya mnene ukaning'inizwa milimita 6 kutoka kwenye injini, stata ikapigwa, na cheche zikafuatana, nyeupe yenye ubuluu, zenye sauti. Tukarudisha kifuniko, tukahakiki nyaya za plagi kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Injini ikawaka kabla stata haijamaliza mzunguko wa pili.

Tukaiacha ipate joto, tukaenda kuzunguka Raskazone kwa furaha. Furaha ikaishia barabara ya baharini. Kwanza ikaanza kukosa silinda moja, halafu ikawa inakosa ovyo ovyo, halafu ikazima. Baada ya kupoa kwa muda ikakubali kuwaka, ikatufikisha nyumbani kwa shida.

Mpwa wangu alikata tamaa. Aliona kazi yote ya jana imeharibika. Mimi nilimwonyesha tofauti. Ijumaa injini ilizima kwa mkato. Leo imekosa kosa kwanza, na imeponea baridi. Ni mwendo mwingine, huenda ni ugonjwa mwingine. Testa kwenye CB: inawaka na kuzima kama inavyotakiwa. Waya mnene wa koili: cheche safi hata injini ikiwa ya moto. Plagi ya kwanza, ikiwa imelazwa kwenye injini: hakuna. Plagi ya tatu: hakuna. Leo koili inatoa, plagi hazipokei. Tumevuka kwenda upande wa volti kubwa, ambako kati ya koili na plagi kuna kifuniko, rota na nyaya. Nyaya nne haziwezi kufa kwa pamoja. Imebaki kifuniko na rota.

Jioni alipita mzee mmoja ambaye ujana wake wote aliutumia kwenye karakana ya shamba la mkonge. Akakuta boneti iko juu. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, mbona mnakesha?" Nikamweleza. Akaomba kuiona rota. Akaigeuza kwenye mwanga, akaitazama chini ya kile kibamba cha shaba, akauliza, "Hii mmeiweka lini?" Nikamwambia gari lilinijia nayo, aliyeniuzia alikuwa ameweka seti mpya ya spea za distributa muda mfupi kabla ya kuliuza. Akanirudishia mkononi. "Ina ribiti, mwanangu. Ipime kwa waya wa koili."

Jumatano

Kipimo alichokitaja ni hiki. Kifuniko kiko nje, rota iko mahali pake juu ya shafti. Waya mnene wa koili unausogeza juu ya kibamba cha shaba cha katikati ya rota, ukiacha nafasi ya milimita chache, umeushika kwa plaizi yenye mpini wa mpira mzito. Swichi imewashwa, msaidizi anazitenganisha kontakti kwa kijiti. Rota nzima ni kizuizi: umeme ukifika kwenye kibamba hauna njia ya kuendelea, kwa hiyo panaweza kutokea cheche hafifu ya mara moja au pasitokee kitu. Ikiwa cheche nene inaruka kila kontakti zinapoachana, ujue umeme umepata njia ya kuteremka kupitia mwili wa rota hadi kwenye shafti ya chuma.

Tukaipasha rota joto kwenye jua la saa saba, tukapima. Cheche nene, kila mara.

Sababu yake iko kwenye umbo. Kibamba cha shaba kwenye rota nyingi hushikizwa kwa ribiti, msumari mfupi wa kubania, inayozama ndani ya plastiki. Chini ya ribiti hiyo, upande wa pili, kuna shafti. Kati ya ncha ya ribiti na shafti kuna plastiki kidogo tu, na ubora wa plastiki hiyo ndio unaoamua kila kitu. Ikiwa nyembamba mno, au ikiwa imechanganywa vibaya, umeme utaitoboa. Na ukishaitoboa mara moja huacha njia ya kaboni ambayo inazidi kuwa rahisi kila inapopitiwa. Rota yangu ina kitobo cheusi kisichozidi ncha ya sindano. Nimekiona kwa kioo cha kukuzia.

Kuna jambo linalowachanganya watu hapa: mbona Jumapili liliwaka vizuri, kisha likakataa? Cheche kwenye hewa ya kawaida inahitaji volti chache kuliko cheche ndani ya silinda iliyobanwa. Umeme hufuata njia nyepesi zaidi. Injini ikiwa baridi na haina mzigo, njia nyepesi ilikuwa bado ni plagi. Ilipopata joto, na mguu ulipokanyaga, mgandamizo ukapanda ndani ya silinda na plastiki ikalegea kwa moto. Njia nyepesi ikahamia kwenye ribiti. Ndiyo maana plagi kuonyesha moto ikiwa imelala juu ya injini hakumalizi upelelezi.

Nilipofungua sanduku la chini ya kiti, kati ya spana zilizoganda kutu, nilikuta rota ya zamani imefungwa kwenye kitambaa chenye oili. Kuna fundi, sijui ni nani, aliyeona haifai kutupwa. Kahawia iliyokolea, kibamba kimeungua kidogo kwenye ncha. Nikaisafisha, nikaipima kwa waya wa koili baridi na moto: haivujishi. Imerudi kazini kwake. Nimeagiza pia nyingine isiyo na ribiti kutoka Uingereza, ambako wenye magari haya wanatengenezewa za namna hiyo, ikae kwenye sanduku kama akiba.

Kifuniko nimekiosha na kukikausha, nikakikagua kwa tochi. Tanga hewa ina chumvi na unyevu, na kifuniko kichafu ndani yake huweza kuota mistari myembamba ya kaboni kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Hakina. Kile kikaboni cha katikati kinachogusa rota kinabonyea na kurudi vizuri.

Jumamosi

Taimingi, yaani wakati wa moto kutoka. Kontakti zikishaguswa, taimingi nayo imeguswa, hata kama nafasi haikubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Nikazungusha hendeli hadi pistoni ya kwanza ikawa juu kabisa kwenye mgandamizo, alama ya puli ikalingana na mshale. Nikalegeza bolti ya distributa, testa kati ya CB na bodi, swichi imewashwa, nikaigeuza distributa polepole sana mpaka balbu ikawaka. Pale inapowaka ndipo kontakti zinapoachana, na pale ndipo moto unapotoka. Nikakaza. Huo ni mwanzo tu. Nikaenda kuumalizia barabarani, kwenye mlima mfupi, gia ya tatu, mguu chini. Ikigonga, moto umewahi mno. Haikugonga, na ilivuta kwa utulivu.

Tukaenda hadi Muheza na kurudi, jua kali, mpwa wangu akiwa kwenye usukani kuanzia Muheza. Haikukosa silinda hata moja. Tulipofika nikafungua plagi ya pili na ya nne kuangalia rangi: kahawia hafifu, kavu. Nafasi zake zote nimeziweka milimita 0.8.

Limebaki jambo moja kwenye distributa hii. Nilipopima nafasi ya kontakti kwenye kona zote nne za kamu, nimepata 0.38 kwenye kona tatu na 0.33 kwenye ya nne. Nikaishika shafti kwa vidole, nikaitikisa: inacheza pembeni kwa kiasi kinachohisika. Bushi inayoishika shafti imelika. Kwa hiyo moto wa silinda moja unatoka kwa wakati tofauti kidogo na wa nyingine, na ndicho chanzo cha mtikisiko mdogo ninaousikia injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa. Nimeongea na fundi wa mashine ya kukereza. Anaweza kuchonga bushi ya shaba nyekundu nikimpelekea distributa pamoja na vipimo vya shafti. Nitaivua Jumatatu, baada ya kupiga picha mahali rota inapoelekea na kukwaruza alama kwenye mwili wa distributa na kwenye bloku, ili irudi kwenye taimingi hii hii.